Mafua Yamekwisha, Mbona Kifua Bado Chabana?

Kila mwaka, baridi ya mwezi wa Juni na Julai inaposhuka katika nyanda za juu za Kenya, na ukungu ukafunika mashamba ya chai tangu alfajiri hata karibu na saa nne, watoto wengi hupatwa na mafua. Si jambo geni, na ni wazazi wachache wanaoyaogopa. Mtoto hupiga chafya, hutokwa na makamasi, hulala siku moja au mbili, hunywa uji wa moto, na baada ya wiki moja hurudi shuleni kucheza na wenzake.

Lakini katika nyumba nyingine mambo hayaishi hivyo. Makamasi yamekauka na homa imepoa, ila kikohozi kimebaki. Mchana mtoto acheza. Usiku wa manane aketi kitandani akivuta pumzi kwa shida, na kifua chake chalia kama filimbi. Akikimbia uwanjani, akohoa. Moshi wa jikoni ukimpitia, akohoa. Hata upepo wa baridi wa asubuhi watosha kumshtua. Mama yake ampeleka zahanati, naye auliza swali ambalo waganga wamelisikia mara nyingi: "Daktari, mafua yalikwisha tangu juma lililopita. Mbona kifua bado chambana?"

Swali hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Jibu lake ni kwamba mafua yanapokwisha puani huwa hayajakwisha kifuani. Virusi vikiisha kuondoka, huiacha mirija ya pumzi katika hali ya kushtuka upesi, na hali hiyo yaweza kudumu kwa majuma kadhaa. Kwa mtu mzima wa afya ni usumbufu tu. Kwa mwenye pumu yaweza kuwa hatari ya maisha, na mara nyingi hatari hiyo huja wakati ambapo watu wa nyumbani wameisha kutulia wakidhani ya kuwa ugonjwa umepita.

Njia ya pumzi ilivyo

Ili kufahamu jambo hili, yafaa kwanza kujua jinsi njia ya pumzi ilivyoumbwa. Hewa ikiisha kupita puani na kooni huingia katika bomba moja kubwa. Bomba hilo hugawanyika mara mbili, moja kwa kila pafu, na kila tawi hugawanyika tena na tena zaidi ya mara 20, kama mti uliopinduliwa, mpaka kufikia vifuko vidogo sana ambamo damu huchukua hewa safi na kutoa hewa chafu.

Ndani, mirija hiyo imetandikwa utando wa chembe hai zilizopangwa karibu karibu kama mawe ya ukuta. Juu ya utando huo mna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hufagia vumbi na makohozi kuelekea juu. Chini ya utando mna ncha za mishipa ya fahamu, ambazo kazi yake ni kama ya mlinzi wa usiku: zikihisi moshi, vumbi au kitu kigeni, hupeleka habari, na mtu hukohoa. Nje yake tena mna musuli zilizozunguka mrija kama pete. Musuli hizo zikijikaza, mrija huwa mwembamba na hewa hupita kwa shida.

Kwa mtu mzima wa afya, mlinzi huyo ana subira. Moshi kidogo haumtishi, na baridi ya asubuhi haimfanyi apige kelele. Lakini iko hali ambayo mlinzi hupoteza subira yake. Jambo dogo lisilodhuru humfanya apige mbiu, musuli hujikaza, makohozi huongezeka, na kifua hubana. Hali hiyo ndiyo iitwayo na wataalamu kushtuka upesi kwa mirija. Ni tabia kuu ya pumu, lakini virusi vyaweza kuileta kwa muda hata kwa mtu asiye na pumu.

Virusi vya mafua ni vya namna gani

Virusi vinavyoleta mafua ni vya jamii nyingi. Iliyo kubwa kupita zote ni jamii ya rinovirusi, ambayo ina zaidi ya aina 160. Ndiyo sababu mtu hawezi kuugua mafua mara moja akapata kinga ya maisha, kama ilivyo kwa surua. Kinga aliyoipata kwa aina moja haimsaidii sana dhidi ya nyingine. Mtoto mdogo aweza kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na mtu mzima mara 2 hadi 4.

Mengi katika maarifa haya yalipatikana kwa uvumilivu wa watu wa kawaida. Mwaka 1946, karibu na mji wa Salisbury katika Uingereza, serikali ya huko ilifungua kituo cha kuchunguza mafua tu. Watu wa kujitolea walikwenda kukaa humo siku chache, wakatiwa matone puani, mengine yenye virusi na mengine yasiyo na kitu, kisha wakachunguzwa. Kazi hiyo iliendelea kwa muda wa zaidi ya miaka 40. Ni huko ambako mwaka 1960 Daktari David Tyrrell na wenzake waliona ya kuwa rinovirusi husitawi zaidi maabara ikitunzwa katika joto la digrii 33, ambalo ni pungufu kuliko joto la ndani ya mwili. Joto hilo ndilo la puani, ambamo hewa ya nje hupita.

Kwa sababu hiyo ilidhaniwa kwa miaka mingi ya kuwa rinovirusi hukaa puani na kooni, wala haishuki kifuani. Dhana hiyo haikusimama. Mwaka 2000 watafiti wa Uingereza walionyesha, kwa kuchunguza vipande vidogo sana vilivyotolewa katika mirija ya watu wa kujitolea walioambukizwa, ya kuwa virusi hivyo hushuka na kuzaana ndani ya mirija ya mapafu pia. Basi kikohozi kinachofuata mafua si makamasi yaliyoshuka tu. Mara nyingi ni mirija yenyewe iliyoshambuliwa.

Majaribio ya San Francisco

Ushahidi wa wazi kwamba mafua hubadili mirija ya mtu wa afya ulitolewa mwaka 1976 na wataalamu wa mji wa San Francisco, Marekani. Walichukua watu 16 wasio na pumu waliokuwa wamepatwa na mafua, wakawalinganisha na wengine 11 wasio na mafua. Kila mmoja alivutishwa mvuke wenye histamini. Histamini ni kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza, nacho hubana mirija.

Kwa wale wazima, ugumu wa hewa kupita uliongezeka kwa theluthi moja hivi, na wengi wasingaliona tofauti kubwa. Kwa wale wenye mafua, ugumu huo uliongezeka hata ukazidi mara tatu ya ulivyokuwa kwanza. Mvuke ulikuwa ule ule na kipimo kile kile. Kilichotofautiana ni hali ya mirija. Watu hao walipofuatwa zaidi, ilionekana ya kuwa hali ya kushtuka upesi ilidumu kwa majuma, mpaka karibu wiki ya saba, ingawa makamasi yalikuwa yamekauka zamani.

Wataalamu hao walifanya jambo jingine la busara. Waliwavutisha wagonjwa atropini, dawa inayozuia amri za mishipa ya fahamu zisifike kwenye musuli. Mara ile mirija haikubana tena. Kwa hiyo walifahamu ya kuwa virusi haviibani mirija kwa mkono wao wenyewe. Huwachokoza walinzi, na walinzi ndio wanaotoa amri iliyopita kiasi.

Sababu tatu

Tangu wakati ule maarifa yameongezeka, na siku hizi sababu kuu zaweza kutajwa tatu.

Ya kwanza ni kuharibika kwa ukuta. Virusi huingia ndani ya chembe hai za utando na kuzigeuza kuwa viwanda vya kuzalia virusi vingine. Virusi vya mafua makali, yaani influenza, huweza kubandua utando huo vipande vipande. Rinovirusi huharibu kidogo zaidi, lakini hata hivyo hulegeza viungo baina ya chembe na chembe. Ukuta ukiisha kupata nyufa, ncha za mishipa ya fahamu hukaa karibu wazi, kama jino lililotoboka. Moshi, vumbi na baridi, ambavyo zamani havikuzifikia, sasa huzigusa moja kwa moja.

Ya pili ni kuharibika kwa breki. Mishipa inayoamuru musuli za mirija kujikaza hutoa kitu kiitwacho asetilikolini. Lakini mishipa hiyo ina kizuizi chake yenyewe: kiasi kikiisha kutosha, kizuizi husimamisha kisitoke kingine. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walionyesha, kwa vinyama vya maabara vilivyoambukizwa virusi vya kifua, ya kuwa maambukizo huharibu kizuizi hicho. Hapo asetilikolini hutoka bila kiasi, na musuli hujikaza kupita haja. Hali yake ni kama ya lori lishukalo mteremko wa Bonde la Ufa huku breki zake zimekatika. Mteremko ni ule ule wa kila siku, ila lori haliwezi kujizuia tena.

Ya tatu ni uvimbe. Mwili ukitambua kwamba adui ameingia, chembe za utando hupiga mbiu ya hatari, na askari wa damu hukusanyika mahali pale. Kuta za mirija huvimba, makohozi huongezeka na kuwa mazito, na vinyweleo vya kufagia hushindwa na kazi. Askari hao huja kwa kusaidia, lakini silaha zao huumiza pia chembe za mwili. Na kama ilivyo vitani, askari hawaondoki siku ile ile adui anapokimbia. Hii ndiyo sababu virusi vyaweza kutoweka na uvimbe ukabaki.

Kwa nini wenye pumu huumia zaidi

Mtu asiye na pumu huanza na mirija mipana na mitulivu. Hata ikibana kidogo baada ya mafua, hewa ya kutosha hupita, na baada ya majuma kadhaa ukuta hujengwa upya. Mwenye pumu huanza na mirija ambayo tayari imevimba kidogo na tayari ina mlinzi asiye na subira. Mafua humkuta njiani, wala hayaanzii mwanzo.

Mwaka 1995 lilitangazwa jambo lililowashangaza hata madaktari wengi. Katika sehemu za Southampton, Uingereza, watoto 108 wa umri wa miaka 9 hadi 11 wenye matatizo ya kifua walifuatwa kwa muda wa miezi 13. Kila mtoto alipobanwa na kifua, alichunguzwa kama ana virusi. Virusi vilionekana katika mara 80 hivi kwa kila 100, na vilivyoonekana zaidi vilikuwa vya jamii ya rinovirusi. Kabla ya hapo wengi walidhani ya kuwa vumbi, manyoya ya wanyama na hewa mbaya ndivyo vinavyoleta mashambulio mengi ya pumu. Kumbe kwa watoto wa shule mlango mkubwa kuliko yote ni mafua ya kawaida.

Haimaanishi ya kuwa vumbi halina neno. Wataalamu wa Manchester walionyesha mwaka 2002, na tena kwa watoto mwaka 2006, ya kuwa mambo hayo husaidiana katika kudhuru. Mtu ambaye mwili wake hauvumilii vumbi la nyumba au manyoya ya paka, naye akakaa penye vitu hivyo, kisha akapatwa na virusi, yu katika hatari kubwa ya kulazwa hospitali kuliko yule aliyepatwa na jambo moja tu.

Tena, wenye pumu wengine hawana kinga ya upesi kama ya wenzao. Mwaka 2005 ilionekana ya kuwa chembe za mirija ya baadhi yao hutoa intaferoni kidogo, nayo intaferoni ndiyo silaha ya kwanza ya mwili dhidi ya virusi. Pia kuna jambo la urithi. Aina moja ya rinovirusi, iitwayo C, ambayo ilitambuliwa mwaka 2006, huingia ndani ya chembe kwa kupitia mlango wake maalumu. Watoto wengine wamerithi umbo la mlango huo ambalo virusi hulipita kwa urahisi zaidi, nao ndio wanaoonekana kulazwa mara nyingi kwa pumu kali. Kwa hiyo si haki kumlaumu mama ya kuwa hakumvika mtoto sweta. Ndugu wawili waweza kulala chumba kimoja na kupata mafua mamoja. Mmoja akapona kwa siku tano, na mwingine akapelekwa hospitali usiku.

Virusi huletwa nyumbani na nani

Katika nchi ya Kanada shule hufunguliwa mwanzo wa mwezi wa Septemba baada ya likizo ndefu. Madaktari wa huko waligundua ya kuwa kila mwaka, siku 17 au 18 hivi baada ya shule kufunguliwa, hospitali hujaa watoto wenye pumu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Siku chache baadaye hufuata ndugu zao wadogo wasiosoma bado, kisha watu wazima. Watoto hupeana virusi darasani, huvipeleka nyumbani, na nyumba nzima hupata sehemu yake. Sababu nyingine ni kwamba wakati wa likizo watoto wengi huacha dawa zao za kila siku.

Hapa Kenya jambo la namna hiyo limechunguzwa kwa makini katika wilaya za pwani. Watafiti wa Kilifi walizifuata nyumba 47 za mashambani katika mwaka 2009 na 2010, wakiwapima watu wote wa nyumba mara kwa mara kwa kutafuta virusi viitwavyo RSV. Virusi hivyo hudhuru hasa watoto wachanga, kwa kuziba mirija yao iliyo midogo sana. Ilionekana ya kuwa mtoto mchanga mara nyingi huambukizwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na aliyeleta virusi mlangoni mara nyingi ni kaka au dada mkubwa, hasa aendaye shule. Watoto waliougua sana kwa RSV utotoni huonekana zaidi kuwa na kifua kinacholia filimbi katika miaka inayofuata.

Kwa hiyo desturi ndogo za nyumbani zina faida kubwa. Mtoto wa shule aliye na mafua anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mdogo wake, wala asimbusu wala kumkoholea usoni. Ikiwezekana, mtoto mchanga asilale kitanda kimoja na mwenye mafua.

Makosa matatu yanayofanywa mara nyingi

Kosa la kwanza ni kutafuta dawa za antibiotiki kwa kila kikohozi. Antibiotiki huua bakteria. Hazina nguvu juu ya virusi. Mtu akizimeza kwa mafua hupoteza fedha yake, na tena huwazoeza bakteria dawa, ili siku atakapozihitaji kweli zisimsaidie. Akiwa na nimonia ya bakteria, daktari atamwambia.

Kosa la pili ni kuacha dawa ya kukinga. Dawa za pumu za kuvuta kwa kinywa, ambazo wengi huziita inhela, ni za namna mbili. Moja hulegeza musuli zilizojikaza, nayo ni salbutamoli, iliyoanza kutumika mwaka 1969. Hufanya kazi kwa dakika chache, na mgonjwa huipenda kwa sababu huona faida yake mara moja. Nyingine ni ya jamii ya steroidi, kama beklometasoni, iliyoanza kutumika mwaka 1972. Hiyo hupunguza uvimbe polepole, kwa siku nyingi, na mgonjwa haoni ajabu yoyote akiivuta. Ndiyo sababu huachwa. Wengine huiacha kwa kuwa kifua kimetulia, wengine kwa kuwa wamesikia ya kuwa inhela humfanya mtu kuwa mtumwa wake. Neno hilo si kweli. Dawa ya kukinga ndiyo inayotengeneza ukuta kabla virusi havijafika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika pumu maneno hayo ni ya kweli kama yalivyo.

Kosa la tatu ni kuitegemea salbutamoli peke yake. Kulegeza musuli huku uvimbe ukizidi ni kama kumpa mlinzi usingizi huku nyumba ikiungua. Mwaka 2019 kamati ya wataalamu wa dunia itoayo mashauri juu ya pumu iliacha kuwashauri watu wazima na vijana kutumia dawa hiyo ya kulegeza peke yake, ikataka kila mmoja apate pia dawa ya kupunguza uvimbe. Mafua yanapoanza, mwenye pumu asiache dawa yake ya kukinga. Bali afuate maagizo ambayo daktari alimwandikia mapema juu ya kuiongeza.

Chupa ya plastiki yaweza kuokoa

Mtoto mdogo hawezi kuvuta dawa vizuri moja kwa moja kutoka katika kichupa cha inhela. Dawa nyingi hugonga koo na kubaki humo. Yahitajiwa chombo chenye nafasi, ambamo dawa hukaa kwanza kisha mtoto akaivuta kwa pumzi zake za kawaida. Vyombo vya kiwandani ni ghali, navyo havipatikani kila mahali. Katika mwaka 1999 madaktari wa hospitali ya watoto ya Cape Town, Afrika ya Kusini, walitangaza ya kuwa chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni ili kinywa cha inhela kiingie kikakazwa pasiwe na mwanya, ilifanya kazi sawasawa na chombo cha kiwandani. Kikombe chepesi walichokijaribu pia hakikufaa kama hivyo. Mzazi amwombe mwuguzi wa zahanati amwonyeshe jinsi ya kuitengeneza na kuitumia, maana tundu likiwa pana mno dawa hupotea.

Pamoja na hayo, moshi upunguzwe. Mirija iliyojeruhiwa na virusi haiwezi kuvumilia moshi wa kuni, wa makaa wala wa sigara. Mtoto mwenye kikohozi baada ya mafua asiketi jikoni wakati wa kupika, na mwenye kuvuta sigara avutie mbali na nyumba.

Dalili za kukimbilia hospitali

Yapasa kila nyumba yenye mwenye pumu ijue dalili zisizongoja asubuhi. Mgonjwa hawezi kumaliza sentensi moja bila kupumzika. Mbavu au shimo la kooni huingia ndani kila anapovuta pumzi. Midomo inageuka rangi kuwa ya samawati au ya kijivu. Mtoto hawezi kunyonya au kunywa, au anasinzia bila desturi. Dawa ya kulegeza imetumiwa, nayo haisaidii au nguvu yake yaisha kabla ya saa tatu au nne. Tena, kifua kilichokuwa kikilia kwa nguvu kikinyamaza ghafula huku mgonjwa angali akihangaika, si dalili ya kupona. Ni dalili ya kwamba hewa haipiti tena. Apelekwe mara moja, na njiani aendelee kuvutishwa dawa ya kulegeza.

Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu ya kuwa katika mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi zenye mapato madogo, ambako ugonjwa hautambuliwi mapema na dawa za kukinga hazipatikani au hazitumiwi. Vifo vingi vya namna hiyo vyaweza kuzuiwa.

Lakini kila kikohozi kisihesabiwe kuwa masalio ya mafua. Mtu akikohoa kwa zaidi ya majuma mawili, au akikonda, akitoka jasho usiku au akitema damu, hapana budi apimwe kifua kikuu. Kupimwa hakumpunguzii mtu kitu, na kutokupimwa kwaweza kuidhuru nyumba nzima.

Ama yule mama wa zahanati, aliyeuliza mbona kifua bado chabana, jibu lake lafaa kukumbukwa na kila mzazi. Mtoto wake hakurogwa, wala hakuzembewa, wala hana mafua mapya. Virusi vimeondoka na kuacha ukuta wenye nyufa na mlinzi mwenye hofu. Kwa mtoto asiye na pumu, ukuta huo utajengwa wenyewe kwa majuma machache, akikingwa na moshi. Kwa mtoto mwenye pumu, dawa ya kukinga isiachwe, na macho ya wazazi yasisinzie mapema. Makamasi yakikauka, zihesabiwe wiki saba nyingine kabla ya kusema ya kuwa mafua yamekwisha.